Namba ya Uongo Ndani ya Boksi la Fyatu

Sehemu ya Tisa

Kama ulinisoma wiki iliyopita, uliniacha nimesimama kando ya kaburi, napokea pole za watu kana kwamba mimi ni mfiwa kama wafiwa wengine. Kama hukunisoma, hujapitwa na lolote la heri. Ngoja nikufupishie.

Mimi ni fundi wa kompyuta za magari ya mashindano. Spana sishiki. Gari likija kwangu naondoka na mikono misafi, na kwa jambo hilo mafundi wenzangu wamenitania miaka kumi na tano. Kazi yangu ni kuliambia boksi la gari, yaani kompyuta yake, limwage mafuta kiasi gani ndani ya injini na kwa wakati gani. Maagizo hayo yote kwa pamoja tunayaita ramani. Ramani ikiwa nzuri, gari linamaliza mita mia nne kabla mkweo hajamaliza kukusalimia. Ramani ikiwa mbaya, injini inajiunguza yenyewe.

Fyatu alikuwa dereva wangu. Alikuwa pia shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa pekee. Wiki nne zilizopita, saa nne asubuhi, jua kali, watu wamefurika, injini yake ilipasuka katikati ya njia. Oili ikamwagika chini ya matairi yake mwenyewe, gari likaserereka na kubamiza ukuta. Tulimzika siku ya tatu.

Lawama zote zikamwangukia Mzee Bolti, mtu aliyeijenga ile injini. Familia ya Fyatu ilisema ametumia pistoni mbovu. Mwenyekiti wa chama cha mbio akatangaza kwamba Jumamosi boksi la gari litasomwa mbele ya watu wote, na baada ya hapo Mzee Bolti atajua kama ana kazi au hana.

Boksi hilo nilikabidhiwa mimi nilitunze, kwa sababu neno lake kuu la siri ninalo mimi. Kwa wiki nne lilikaa kabatini kwangu, katikati ya shuka. Hakuna aliyenikataza kulifungua. Niliogopa tu, na nilikuwa na sababu.

*

Jumanne nilikwenda kwenye karakana ya Mzee Bolti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Na wewe umekuja kuchukua injini yako?"

"Sina injini kwako, mzee."

"Ah! Basi wewe ni mtu wa kwanza wiki hii kuingia humu bila winchi."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Mahali ambapo siku zote huwa na injini sita zimening'inizwa kwenye stendi zake, palikuwa na moja tu, nayo ilikuwa ya pampu ya maji. Sakafu imefagiliwa. Karakana ikiwa safi kiasi kile, ujue mwenyewe hana la kufanya.

Mzee Bolti alifungua droo, akatoa kitu kilichofungwa ndani ya kitambaa cheupe, akanitilia mkononi.

Ilikuwa pistoni. Katikati ya kichwa chake palikuwa na tundu la kupitisha kidole gumba. Kingo za tundu zilikuwa laini, zimejikunja kwa ndani.

"Niambie unachokiona," akasema.

"Imeharibika, mzee."

"Hata mke wangu angeniambia hivyo, na yeye hajawahi kufungua boneti. Wewe ni fundi. Tazama."

Nikatazama. Nilikuwa nimeshaona.

"Imeyeyuka," nikasema.

"Eeh! Imeyeyuka. Pistoni mbovu hupasuka. Hii imeyeyuka. Injini yangu ilikuwa na kiu, fundi. Ilinyimwa mafuta."

"Labda pampu."

"Pampu nimeifungua, nzima. Chujio nimelifungua, safi kama sahani ya mgeni. Nozeli nimezipeleka zikapimwa, zote nne zinapuliza mafuta sawasawa. Kimebaki kitu kimoja tu ambacho sijakifungua, kwa sababu sijui kinafunguliwaje. Nacho unacho wewe."

Nikamrudishia pistoni yake.

"Sikiliza," akasema, na sauti yake ikashuka. "Miaka arobaini na moja najenga injini. Nimeharibu kadhaa, na kila nilipoharibu nilisema ni mimi. Hii siyo mimi. Lakini nikilala naanza kuhesabu bolti, moja, mbili, tatu, na kila nikihesabu inabaki moja ambayo sikumbuki kama niliikaza. Kama ni mimi nimemuua yule kijana, niambie, nifunge mlango huu nikafuge kuku. Kama si mimi, niambie vilevile. Usiniache katikati."

"Nitalifungua leo hii, mzee wangu."

"Yule mke wa marehemu," akasema, "alinitemea mate msibani. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningetema zaidi."

Mke mwenyewe ndiye mdogo wangu.

*

Nilijifungia chumbani kwangu mchana ule, nikachomeka boksi kwenye laptopu. Nikaanza na rekodi ya mbio yenyewe. Sekunde ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Kuanzia ya tatu, mafuta yakawa machache kuliko yanavyotakiwa. Ya nne, machache mno. Ya sita, kila mstari ukaanguka sifuri.

Nikaenda kwenye ramani. Ilikuwa vilevile nilivyoiacha, hakuna namba hata moja iliyoguswa. Ukabaki ukurasa mmoja mdogo, ukurasa wa nozeli. Nikaufungua.

Palikuwa pameandikwa 1300.

Hapo, msomaji, inabidi nikueleze dhambi yangu, na nitaieleza mara moja tu.

Nozeli ni zile ncha zinazopuliza mafuta ndani ya injini. Kila nozeli ina ukubwa wake, na ni lazima uliambie boksi ukubwa huo ili lijue liiache wazi kwa muda gani. Nozeli za Fyatu zilikuwa za elfu moja mia tatu, na namba hiyo imechongwa ubavuni mwake. Mimi kwenye boksi niliandika elfu moja.

Sikukosea. Niliandika makusudi.

Mliokuwa nami sehemu ya tano mnamkumbuka mshirika wangu, yule aliyeninakilia ramani zangu zote akaenda kufungua duka kwa jasho langu. Baada ya pale nilikula yamini kwamba mwizi wa pili atajuta. Nikawa naliambia boksi kwamba nozeli ni ndogo kuliko zilivyo, halafu napunguza mafuta kwenye ramani nzima kwa kadiri ileile. Makosa mawili yanafutana, gari linakwenda vizuri kabisa. Lakini mtu akiichukua ramani yangu na kuandika namba ya kweli ya nozeli zake, kama fundi yeyote mwaminifu angefanya, injini inanyimwa karibu robo nzima ya mafuta yake.

Na hatashtuka. Gari likiwa limesimama linanguruma, kihisi cha moshi kinaona upungufu na kuongeza mafuta kidogo kidogo. Akikanyaga mpaka mwisho, kile kihisi mimi nimekizima. Baada ya sekunde tano, pistoni zinayeyuka.

Nilikiita kitu hicho kufuli. Nilijiona mjanja kuliko shetani.

Mtu mmoja tu ndiye niliyemwambia, naye ni Fyatu. Gari lilikuwa lake na maisha yalikuwa yake, kwa hiyo nilimweleza kila kitu. Ila nilimwapisha asimwambie mtu, hata mkewe. Nakumbuka alivyocheka, kofia yake ya chuma ikiwa kwapani.

"Shemeji," akasema, "mke wangu ana maneno elfu kwa siku, lakini nozeli haimo. Kufuli lako liko salama."

Sasa kuna mtu alikuwa ameandika namba ya kweli. Nikatafuta kwenye kumbukumbu za boksi: mabadiliko ya mwisho, siku ileile ya mbio, saa mbili na dakika kumi na moja asubuhi. Nani, halisemi.

Saa tatu asubuhi hiyo mimi mwenyewe nilichomeka laptopu yangu nikalikagua gari. Niliangalia joto, pampu, cheche, ramani yote. Ukurasa wa nozeli sikuufungua. Niufungue wa nini, wakati najua nilichoandika humo? Nilikagua kila kitu isipokuwa uongo wangu mwenyewe.

Nikakaa kitandani nikifikiri. Aliyekuwa anajua ni Fyatu peke yake. Basi ni Fyatu. Labda alitaka kujaribu kitu, labda alichoka kutembea na siri ya shemeji yake, labda ubishi tu, maana kwa ubishi hakuwa na mpinzani.

Na Mungu anisamehe, nilifarijika. Nilikaa na boksi mapajani nikafarijika kwamba marehemu amejiua mwenyewe.

*

Kesho yake mchana nilikwenda kwa mdogo wangu kazini ili nipate uhakika.

Mdogo wangu anauza dawa. Uwanjani wanamwita Dozi, jina alilopewa na Fyatu mwenyewe, na siku hizi hata mimi namwita hivyo. Nilimkuta nyuma ya kioo, amejifunga nywele, anahesabu vidonge kwa kijiko bapa, vitano vitano. Amekonda. Koti la kazi limempwaya.

"Kaka," akasema bila kuinua macho. "Ishirini na tano. Kaa. Thelathini. Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo. Thelathini na tano."

Alimaliza, akaandika kwenye pakiti, akakisoma upya alichoandika, akamsomea na mteja. Yuko hivyo tangu utotoni. Mama alikuwa anasema huyu mtoto hanywi hata maji mpaka asome kikombe.

Mteja alipoondoka nikamuuliza taratibu.

"Siku ile asubuhi, Fyatu aligusa laptopu?"

"Fyatu?" Akatabasamu kidogo, na tabasamu lile likaniuma. "Fyatu na laptopu wapi na wapi? Mtu nilikuwa namtegea mpaka alamu ya simu!"

"Una hakika?"

"Kaka, laptopu ya gari ilikuwa mikononi mwangu tangu tunatoka nyumbani. Mimi ndiye napakua rekodi, kazi uliyonipa wewe mwenyewe na neno la siri ukanipa. Kwani vipi? Umefungua boksi?"

"Bado," nikasema. Nilidanganya haraka hata kabla sijaamua kudanganya.

Akavuta kiti, akakaa karibu yangu. Tulikuwa peke yetu.

"Kaka, nikuambie kitu? Watu wananiuliza kama siku ile nilihisi vibaya. Sikuhisi chochote. Nilimfunga mkanda, nikampiga kofi juu ya kofia, nikamwambia asichelewe kurudi. Basi. Mke gani asiyehisi kitu?"

"Usijisumbue, Dozi."

"Ngoja nimalize. Kinachonisaidia kuamka ni kimoja tu. Siku ile kuna kitu kimoja nilikifanya sawasawa. Kidogo tu, lakini nilikifanya." Akanishika mkono. "Siku moja kabla tulitoa nozeli kuziosha, unakumbuka? Nilizifuta mimi, moja moja. Zimechongwa elfu moja mia tatu. Asubuhi nafungua laptopu naona wewe umeandika elfu moja. Nikasema, kaka yangu amezeeka jamani. Nikasahihisha."



"Hapa dukani," akaendelea, "daktari akiandika mia moja na kopo likasema mia tatu, nikinyamaza naua mtu. Kwa hiyo sikunyamaza. Kila nikimkumbuka Fyatu najiambia, angalau lile nililoweza kuliona, nililirekebisha."

"Mbona hukuniambia?"

"Si nilikuambia! Umerudi kutoka kwenye petroli, kichwa umekitumbukiza kwenye boneti, unagombana na fundi wa matairi. Nikasema, 'Kaka, nimerekebisha kitu kidogo kwenye laptopu.' Ukasema, 'Sawa, sawa.'"

Nilikumbuka. Nilikumbuka mpaka rangi ya kitambaa nilichokuwa nimekishika. Nilisema sawa mara mbili na sikugeuka.

"Kaka, unatetemeka. Nilijua hujala." Akainuka akaniletea maji na vidonge viwili vya sukari, akasimama juu yangu mpaka nikavitafuna. "Jikaze. Jumamosi nataka uwe na nguvu. Nataka usome kila kitu kilichomo kwenye boksi lile, na yule mzee awe anasikiliza, na anitazame machoni."

*

Ijumaa nilikaa mbele ya laptopu tangu asubuhi mpaka mchana, na njia zilikuwa tatu.

Ya kwanza ilikuwa rahisi. Neno kuu la siri linanipa uwezo wa kufuta kumbukumbu. Ningerudisha namba ya zamani, nifute ile saa mbili na dakika kumi na moja, na Jumamosi boksi lisiwe na la kusema. Mdogo wangu angeendelea kuamka asubuhi. Mzee Bolti angekwenda kufuga kuku, na angehesabu bolti mpaka anaingia kaburini.

Nilisogeza mshale mpaka juu ya neno FUTA. Sijivunii kwamba sikubonyeza. Nilitaka kubonyeza, ila kila nikiangalia kidole changu gumba nakumbuka lile tundu la pistoni.

Njia ya pili ilikuwa kusema yote: kufuli, namba, na mkono wa nani ulioandika. Hiyo niliiacha bila hata kuitazama mara mbili.

Nikachukua ya tatu. Nitasema kosa ni langu, nimebadilisha namba asubuhi ile na injini ikakosa mafuta. Mzee atasafishwa, mdogo wangu atabaki na jambo lake moja jema, na mimi nitabeba ninachostahili kubeba. Niliiona nzuri sana. Nikafunga laptopu nikala kwa mara ya kwanza baada ya siku mbili.

*

Jumamosi saa nne asubuhi ukumbi wa chama ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Viti vya plastiki, feni moja, na ukuta mweupe wa kuonyeshea picha. Mwenyekiti alikuwa amevaa tai. Mzee Bolti alikaa pembeni peke yake, viti viwili kila upande vikiwa vitupu, kitambaa chake cheupe mapajani. Kaka yake Fyatu alisimama mlangoni kama askari.

Mdogo wangu alikaa mstari wa mbele. Alikuwa amevaa koti la mbio la mumewe, mikono ya koti ameikunja mara tatu.

"Fundi Kompyuta," Mwenyekiti akasema. "Tusomee."

Nikachomeka. Ukurasa wa nozeli ukatokea ukutani, mkubwa kama mlango. Nikapiga moyo konde.

"Kabla sijasoma," nikasema, "Mzee Bolti hana hatia. Injini yake ilikuwa nzima. Asubuhi ya mbio mimi nilibadilisha namba hii ya nozeli, na injini ikanyimwa mafuta. Mimi ndiye niliyemuua shemeji yangu."

Ukumbi ulilipuka. Kaka yake Fyatu alinifikia kabla Mwenyekiti hajainuka, akanikamata kola, akaninyanyua.

"Na ulikula kwetu! Msibani ulikula kwetu!"

"Mwacheni! Mwacheni aongee!" Mwenyekiti anapiga meza.

Katika kelele zote zile, mtu mmoja tu hakufurahi wala hakukasirika. Mzee Bolti alikuwa amevaa miwani, anautazama ukuta.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Pale pameandikwa ngapi?"

"Elfu moja mia tatu, mzee," Mwenyekiti akajibu.

Mzee akaingiza mkono mfukoni, akatoa nozeli, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hapa pia pamechongwa elfu moja mia tatu. Sasa fundi, kosa liko wapi? Namba ni hiihii."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ngumi, kwa matusi, hata kwa polisi. Sikujiandaa kwa mtu mwaminifu mwenye miwani. Nilikuwa nimekuja kumwokoa, na sasa yeye ananiokoa mimi, na kwa kuniokoa ananimaliza.

"Ilikuwa ngapi kabla hujaibadilisha?" Mwenyekiti akauliza.

Nikatazama kibodi.

"Teremsha ukurasa," akasema.

"Hakuna haja, Mwenyekiti. Nimeshakiri."

"Teremsha."

Mkono wangu ulikataa. Mjumbe wa chama aliyekaa karibu na meza akanyoosha wake, akateremsha. Ikatokea ukutani: awali 1000, sasa 1300, saa 2:11 asubuhi.

Mdogo wangu aliinuka. Hakuwa na haraka. Alitembea mpaka ukutani, akasoma mstari ule kwa kidole, kama anavyosoma lebo.

"Saa mbili na dakika kumi na moja," akasema. "Kaka, saa mbili na dakika kumi na moja ulikuwa kwenye foleni ya petroli. Ulinipigia kuuliza tumeleta madumu mangapi."

"Dozi, kaa chini."

"Siyo wewe uliyebadilisha. Ni mimi."

Kaka yake Fyatu aliiachia kola yangu.

"Ni mimi," akarudia, akiwageukia watu, "na nilibadilisha kuwa sahihi. Mzee ameisoma sasa hivi. Ni sahihi." Halafu akanigeukia mimi, na uso wake ulikuwa bado umejaa imani. "Kaka, unajisingizia nini? Namba ya kweli inauaje mtu?"

Akanitazama nikimkwepa macho, akautazama tena ukuta. Elfu moja. Elfu moja mia tatu. Nikamwona anaanza kuhesabu kwa vidole, taratibu, vile anavyofanya akichanganya dawa ya mtoto. Namjua mdogo wangu. Katika hesabu za kiasi hajawahi kushindwa.

Kidole cha nne kilisimama hewani.

"Robo," akanong'ona. "Karibu robo."

"Dozi..."

"Ulikuwa umepunguza kwingine. Uliandika namba ya uongo hapa, ukapunguza kwingine, ili ziende sawa." Aliyasema bila ukali, kama anasoma maandishi mabaya ya daktari. "Nami nikaisahihisha."

"Hukujua, mdogo wangu. Wallahi hukujua. Ni kwa ajili ya wezi, yule mshirika wangu, nilitaka tu..."

"Sijakuuliza kwa nini." Macho yake yalikuwa makavu. "Uliniachia neno la siri miaka miwili. Ulinipa laptopu. Kwenye mlango huo wa siri yako uliniweka mimi, na hukuniambia."

Nyuma yake Mzee Bolti alikuwa amevua miwani. Alikuwa amesafishwa mbele ya watu wote, na alilia kama aliyehukumiwa.

"Kaka," mdogo wangu akasema, "nani mwingine alijua?"

Nikaanza kuchomoa waya wa laptopu.

"Kulikuwa na mtu mwingine aliyejua kwamba nikiigusa namba ile namuua? Mtu tuliyeamka naye? Mtu aliyekaa kiti cha mbele cha gari, mimi nikiwa na laptopu mapajani pembeni yake, ananitazama ninavyofungua kurasa?"

"Dozi, twende nyumbani."

"Nijibu hapahapa."

Watu wote walikuwa wananitazama, mama yake Fyatu akiwa miongoni mwao. Nilikuwa nimebakiwa na jibu moja la kweli na jibu moja la uongo, na mdogo wangu alikuwa anasubiri, amelikumbatia koti la mumewe kwa mikono miwili.

"Fyatu alijua?"